Mbari Yako Haichezeki? Anzia Hapa

Haya ni ya mtu aliyetunga mchezo wake mwenyewe wa kuigiza wahusika, kwa daftari, kalamu na dadu mbili za ludo, kisha mbari alizozibuni, yaani aina za viumbe ambazo wachezaji huchagua, zikaanza kumsumbua. Matatizo yenyewe nimeyaona barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tunakocheza Jumamosi baada ya alasiri mpaka mbu watufukuze. Mengine nimeletewa na wenzangu wa Pangani na Muheza. Yanajirudia mno, na karibu kila anayelalamika kashaanza kufutafuta nambari kabla hajajua zina kosa gani.

Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, kisha ushuke. Ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi. Usirekebishe mambo mawili kwa mpigo, maana mchezo ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwetu mtu hutupa dadu mbili. Jumla ikifika 8 amefaulu. Hesabu za hapa chini zinafuata kanuni hiyo. Na nasema mbari, sisemi kabila. Sababu utaikuta mbele.

Dalili: kila mtu anataka mbari ile ile

Mbari yangu ya kwanza ilikuwa Wapopo, watoto wa Mapango ya Amboni, yale ya chokaa yaliyo kaskazini ya mji. Niliwapa mbawa, niliwapa masikio ya gizani, nikawaongeza 2 kwenye wepesi. Wachezaji walikuwa sita. Watano wakachagua Wapopo, na wa sita aliyekosa ni kwa kuwa alichelewa kufika.

Anza na nyongeza, yaani nambari anayojumlisha mtu kwenye dadu zake. Dadu mbili zina matokeo 36, na 15 kati ya hayo yanafika 8 au zaidi. Hiyo ni kama asilimia 42. Ongeza 1, unapata 21 kati ya 36, asilimia 58. Ongeza 2, unapata 26, asilimia 72. Ongeza 3, unafika 30, asilimia 83, na hapo dadu imebaki ya kuchezesha vidole tu. Watu hukosea kwa sababu wamesoma sheria za michezo inayotumia dadu ya pande 20, ambako kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5 na haizidi hapo. Wanaichukua nyongeza ya 2 kama ilivyo na kuileta kwenye dadu za ludo, ambako inatoa asilimia 30. Basi nyongeza ya mbari iwe 1, basi, tena kwa jambo jembamba: usiandike "wepesi", andika "kupanda mnazi", "kusikia gizani", "kuhesabu fedha".

Kama nambari ziko sawa na bado wanagombania mbari moja, angalia kama ina uwezo unaokula mchezo. Kipimo chake ni chepesi. Chukua vikao vyako vitatu vya mwisho, andika tukio moja lililonoga katika kila kimoja, kisha uliza: uwezo huu ungekuwapo, tukio lingebaki? Mimi nilikuwa na kuvuka Mto Pangani kwa mtumbwi unaovuja, kupenya ukuta wa nyumba ya tajiri, na kumfukuza mwizi kwenye shamba la mkonge ambako miiba ya ncha za majani inachana suruali. Mbawa zilifuta yote matatu.

Wengi hapa hukata mbawa. Usikate. Rudi kwenye mwili wa kiumbe chenyewe ukatafute bei. Popo halisi hana miguu ya kumrusha kama kunguru; hulala ananing'inia, akitaka kuruka hujiachia, anaanguka kwanza, ndipo mbawa zishike hewa. Nikaandika mstari mmoja: *Mpopo haruki kutoka chini, sharti aanguke kutoka mahali palipo juu kuliko paa la nyumba.* Jumamosi iliyofuata walitumia nusu saa kumpandisha Mpopo juu ya mnazi, mmoja akimsukuma makalio, mwingine akilalamika kwamba mwenye mnazi ataamka. Mto wakauvuka kwa mtumbwi unaovuja vilevile, kwa kuwa ukingoni hapakuwa na cha kupandia.

Sababu ya tatu ni kwamba mbari nyingine zote zimepooza, na hiyo ina dalili yake hapa chini. Ya nne nimeikuta mara moja tu: mbari iliyopendwa ndiyo pekee iliyochorwa picha. Chora nyingine.

Ukisharekebisha mara mbili na bado wote wanataka Wapopo, acha. Huenda meza yako inataka mchezo wa Wapopo watupu. Wape, kisha tofautisha mapango waliyotoka.

Dalili: mbari ipo daftarini tangu mwanzo na hakuna aliyeigusa

Sababu ya kwanza si udhaifu, kama wengi wanavyodhani. Ni kwamba mchezaji akiisoma haoni atakachofanya. "Ni watu wapole, wanapenda amani, wanaishi milimani." Sasa? Mpe mtu asiyecheza asome, mpwa wako au muuza kahawa, umuulize huyu mtu akiingia sokoni atafanya nini kwanza. Akikuna kichwa, tatizo umeliona.

Wakinyonga wangu walikaa miezi bila mtu. Niliwaandika kutoka Usambara, ambako vinyonga wamejaa wa kila umbo, na kipaji chao kilikuwa kujificha kwa kubadili rangi. Kipaji cha kujificha kinamfanya mchezaji akae kimya, na hakuna aliyekuja barazani kukaa kimya. Halafu nikaja kujua kuwa kinyonga habadili rangi hasa kwa kujificha. Hubadilika kwa joto, kwa mwanga, kwa hasira, kwa kumtaka jike. Rangi yake ni maneno. Nikageuza: Mkinyonga hawezi kuficha moyo wake, akidanganya ngozi inasema, ila na yeye anasoma ngozi na jasho la mwenzake, nyongeza 1 kumbaini mwongo. Dada mmoja mshonaji akaichukua siku hiyo hiyo. Alikuwa akienda kupatana bei kajifunika kanga gubigubi, yamebaki macho tu, na kila mfanyabiashara wa mchezo akijua maana yake.

Sababu ya pili ni adhabu kuliko faida. Kumbuka upungufu wa 1 kwenye dadu mbili unakushusha hadi 10 kati ya 36, asilimia 28. Hakuna anayependa kushindwa mara saba katika kumi kwa jambo la kila siku. Upungufu wa mbari uandike kwa maneno, kama ule wa Mpopo kuanguka kwanza, si kwa nambari.

Dalili: ni binadamu waliovaa pembe

Hii ndiyo kubwa, na mwenyewe mara nyingi haijui. Anaijua pale mchezaji anapocheza Mpopo kikao kizima na hakuna aliyekumbuka kuwa ni Mpopo.

Uchunguzi wa kwanza: futa kila sentensi inayoeleza sura. Manyoya, pembe, macho ya njano, zote. Kilichobaki kikiwa ni mtu wa Chumbageni anayekwenda kazini kwa baiskeli, huna mbari, una vazi.

Sababu ya kawaida ni kubuni mambo kumi ya mwili bila kulifuata hata moja mpaka nyumbani. Chagua moja, lifuate. Wapopo wananing'inia. Basi nyumba zao zina dari nzuri na sakafu ya hovyo, kwa maana sakafu ni ya taka. Mgeni wa heshima huonyeshwa boriti, haonyeshwi mkeka. Na salamu? Wengi tunaambiwa shikamoo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Kwetu limebaki neno. Kwa Wapopo miguu ndiyo iliyoko juu, ndiyo inayomshikilia mzee asianguke, kwa hiyo mtoto anayeamkia hupanda, akaigusa kweli, na mzee anayemwamini ndiye anayeitikia marahaba. Asiyemwamini hamruhusu asogee. Nilipoandika hilo wachezaji wakaanza kulitumia wenyewe: "Yule jumbe hakuniruhusu nimshike miguu, ana jambo."

Sababu ya pili ni umri. Watu wanapenda mbari inayoishi miaka elfu, kisha wanaichezesha kama kijana wa miaka ishirini aliyekosa usingizi. Ukitaka umri mrefu uwe na uzito, anza na unaoweza kuushika mkononi. Hapa kwetu tuna silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa kwenye jarife zilizotegwa maji marefu, na sasa kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mchana hujificha kwenye mapango ya chini ya bahari, usiku hutoka kuwinda kwa kuelea polepole. Wataalamu wanakadiria anafika miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Hilo la mimba ndilo la kufuata. Mbari inayobeba mimba miaka mitano haigombani ovyo. Haimpeleki mjamzito vitani, na vita vyake inavipanga kwa kuhesabu nani anajifungua lini. Wasilika wangu hawasemi "mwaka jana". Wanasema "mimba ya fulani ilipokuwa changa". Sikuwapa nyongeza yoyote ya hekima. Haikuhitajika.

Sababu adimu: umeiga mbari ya mchezo mwingine na kubadili jina. Kama ndivyo, kubali, uicheze nyumbani kwa raha zako. Ila ukifikiria kuchapa na kuuza, simama hapo. Wazo tupu la watu wenye mbawa halina mwenyewe, lakini maandishi na michoro ya watu ina wenyewe. Nenda ukaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au mwanasheria anayeijua hakimiliki kabla hujalipa kiwanda cha uchapaji. Usiniulize mimi.

Dalili: jina linaleta kicheko, au halitamkiki

Fupi upande mmoja, ndefu upande mwingine. Fupi: ukiweka majina yenye vistari na konsonanti tano zikifuatana ili yaonekane ya ajabu, kikao cha pili yatakuwa "wale jamaa". Lisome jina kwa sauti mara tatu huku unatembea. Likikukwaza, libadili.

Ndefu ni hii: Kiswahili kinakupa ngeli, na wabunifu wengi hawazitumii. Mbari uliyoiita kwa M- na Wa- umeshaifanya watu kabla hujaandika lolote. Ukiita kwa Ji- na Ma-, kama majitu na mazimwi, umewakuza na kuwatisha. Kwa Ki- na Vi-, kama vibwengo, umewapunguza. Tena chunga upatanisho wa sentensi: "Kibwengo amekuja" ana nafsi, "kibwengo kimekuja" ni kitu kimeletwa na upepo. Katika mchezo wetu watu wa mjini husema *kimekuja* na vibwengo wenyewe husema *amekuja*, na mchezaji aliyeteleza akasema "kimekuja" mbele ya rafiki yake kibwengo alilazimika kuomba radhi ndani ya mchezo. Hakuna kanuni niliyoiandika kwa ajili hiyo. Sarufi ilitosha.

Kabla hujalipitisha jina, lipeleke kwa watu watatu wa mahali tofauti. Wasilika hawakuanza na jina hilo. Niliwaita kwanza Wakina, kwa kuwa wanakaa kinani, baraza zima likauliza, "wakina nani?" Nikawaita Wakilindi, kutokana na kilindi cha bahari, nikajiona mshairi. Kijana mmoja wa Lushoto akaweka kikombe chini. Wakilindi ni ukoo wa watawala wa Usambaa tangu Mbegha, nami nilikuwa nimewaandika kuwa ni samaki wenye magamba mazito wasiooga. Alicheka, lakini alicheka mwisho, baada ya kunitazama kwanza.

Dalili: mchezaji amenuna, au amenyanyuka barazani

Hapa usifungue daftari. Simamisha mchezo kwanza.

Sababu ya kawaida ni kwamba mbari yako inafanana na watu halisi kuliko ulivyodhani. Mwenzangu mmoja alibuni wafugaji warefu wenye mashuka mekundu, "wakali kwa kuzaliwa", akashangaa kuulizwa kama ana neno na watu fulani. Kipimo: soma sifa za mbari ukiweka jina la kabila la mkeo, la jirani, au lako. Ukiona aibu kuisoma kwa sauti, imeharibika. Utani wa makabila tunao na tunaupenda, lakini utani una mtu wa kujibu palepale. Maandishi ya kanuni hayajibiwi.

Ya pili ni tabia ya kuzaliwa nayo. "Wote ni wachoyo." "Wote ni waongo." Ondoa *wote*. Andika kinachowasukuma: wanaishi mahali pasipo na kisima, hivyo maji wanayapima kwa kikombe, na mgeni anawaona wachoyo. Sasa mchezaji anaweza kumcheza mchoyo, au mkarimu anayesemwa na nduguze.

Ya tatu ni neno lenyewe. Nilipotumia *kabila*, watu walileta barazani makabila yao halisi, na mazungumzo yakahamia huko hata pale nisipotaka. *Mbari* ina umbali kidogo. Si sisi tu tunaohangaika na hili: Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974 na kuzaa michezo mingi ya aina hii, katika kanuni zake za 2024 umeacha neno la Kiingereza linalotumika pia kugawa binadamu kwa rangi, ukachukua la spishi.

Sababu adimu kuliko zote ndiyo nzito. Amboni si pango la hadithi tu. Kuna watu wanaokwenda kuomba na kuacha sadaka zao mle. Ukichukua mizimu, tambiko au jini anayejulikana kwa jina katika nyumba ya mtu, ukamfanya mbari yenye nyongeza ya 1, umeingia chumba kisicho chako. Simama, na mtafute mzee wa watu hao, umweleze unachofanya, na akikataa, acha. Tunga mwingine, kubuni ndiyo kazi yako. Na vijana wanaotaka kwenda kucheza pangoni usiku ili "lisikike kweli": hapana. Mle huingia mtu mchana, na muongozaji wa pale.

Mchezaji akianza kutetemeka, kulia bila kukoma, au kupandisha katikati ya tukio la mashetani, mchezo umekwisha siku hiyo. Washa taa, waite watu wa kwao, na kama hali haitulii mpelekeni hospitali. Usijifanye mganga kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unaendesha mchezo.

Dalili: mbari haikai na wenzake

Mhusika anagoma kila jambo, analala mbali, anamwibia mwenzake, na mwenye kumcheza anajitetea: "Ndivyo mbari yangu ilivyo." Mara nyingi kosa ni lako mwendesha mchezo. Uliandika "hawaamini wengine" ukaona inapendeza.

Wanyuki wangu walianza hivyo. Nilivutiwa na kisa cha Novemba 1914, Waingereza walipotua Tanga na majeshi kutoka India kupigana na Wajerumani, nyuki waliotibuliwa mizinga wakawachoma askari wa pande zote. Nikaandika watu wasio na upande. Matokeo yake kila Mnyuki alikuwa anaondoka tukio la pili kwenda kwa malkia wake, na mchezaji anabaki anakula karanga.

Dawa si kumwambia mchezaji awe mwema. Ipe mbari hitaji ambalo wenzake tu ndio wanaoweza kulitimiza. Sasa Mnyuki akilala peke yake harudishi uhai hata chembe. Sharti awe na miili miwili ya joto ubavuni. Na pigo lake la mwiba linaangusha adui yeyote, ila linamla nusu ya uhai wake mpaka kikao kiishe, kwa hiyo akishachoma ni mzigo wa kubebwa. Tangu hapo hakuna Mnyuki aliyeondoka.

Kama hitaji lipo na bado anaiba, basi si mbari. Zungumza na mtu mwenyewe, pembeni, si mbele ya wenzake.

Dalili: mwanzo ilinoga, ngazi ya tano imekufa

Nyongeza ya mbari imejumlishwa na ya ngazi, ile daraja mhusika anayoipanda kadiri anavyocheza, mtu ana 4, na kwa dadu mbili anashindwa akipata 2 au 3 tu, mara 3 kati ya 36. Kanuni: nyongeza hazijumlishwi, inatumika iliyo kubwa. Imekwisha.

Dalili: mchezaji ameleta mbari yake mwenyewe, kurasa kumi na moja

Usizisome mbele yake ukiguna. Mwombe mambo matatu kwa mdomo: wanahitaji nini kwa wengine, mwili wao unawazuia nini, na wanasalimianaje. Kijana wa bodaboda aliyeniletea kurasa hizo alijibu la kwanza na la tatu bila kufikiri. La pili lilimkwama. Watu wake walikuwa hawachoki, hawazami, hawaungui. Nikamrudishia daftari, nikamwambia Jumamosi ijayo aje na kizuizi kimoja tu.

Alirudi nacho kimeandikwa mgongoni mwa risiti ya mafuta: hawawezi kukumbuka sura ya mtu aliyewapa kisogo. Tukaanza kucheza papo hapo, na kwa saa mbili hakuna aliyethubutu kumgeuzia mgongo.